Shajara ya tanki la Himbi: kupandisha maji yaliyochacha bila kuua samaki

Agosti, kiangazi bado

Tanki lina lita 120 za maji ukishatoa mawe. Lilitengenezwa na fundi wa vioo wa hapa hapa Goma, likakaa miaka kadhaa sebuleni kwa mama mdogo, na sasa limehamia kwetu mtaa wa Himbi pamoja na samaki, konokono, majani na sehemu kubwa ya maji yake ya zamani. Samaki ni gapi, wale wadogo wenye mikia ya rangi. Mawe ni ya lava ya Nyiragongo, volkano yetu, meusi na yenye matundu. Jiwe la namna hii likioshwa vizuri halibadilishi maji kwa kiasi cha kupimika: nililidondoshea siki na halikutoa povu, maana yake halina chokaa ndani.

Nimepima kila kitu kabla ya kugusa chochote. Kwenye pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, matone ya kupimia yamegeuka manjano kabisa, rangi ya chini kuliko zote kwenye kadi, yaani 6 au pungufu. Kwenye KH, kipimo cha bikaboneti inayozuia maji yasichache, tone la kwanza tu limebadilisha rangi, kwa hiyo ni 1 au haipo kabisa. Amonia, inayotokana na taka za samaki, kwa jumla ni miligramu 3 kwa lita. Nitriti hakuna. Nitrati ni nyekundu iliyokolea, 100 au zaidi.

Konokono walishasema hayo kabla ya matone. Magamba yao yana vidoa vyeupe na vishimo upande wa ncha, sehemu iliyo kongwe zaidi, kwa sababu maji yenye asidi yanayeyusha chokaa ya gamba taratibu. Gapi wamebana mapezi na wanakaa juu juu. Asili ya gapi ni mito ya kaskazini mwa Amerika ya Kusini na kisiwa cha Trinidad, na wanapenda maji yenye madini, pH 7 hadi 8 na kitu. Kwamba wamevumilia haya ni kwa sababu yalishuka polepole, mwezi baada ya mwezi.

Chanzo kinaeleweka. Kwa mama mdogo maji yalikuwa yakipungua kwa kukauka, naye akiyaongeza kwa maji ya mvua kutoka tanki la plastiki. Yanapokauka ni maji matupu yanayoondoka, uchafu unabaki. Mvua inayoingia haina bikaboneti. Na muda huo wote bakteria wa kwenye chujio wanageuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, kazi nzuri ambayo bila yake samaki hawaishi, ila kazi hiyo inatoa asidi. Kila miligramu moja ya nitrojeni ya amonia inayogeuzwa inakula bikaboneti sawa na miligramu 7.14 za chokaa. Nimeiweka hesabu hiyo katika lugha ya vipimo vyangu: nitrati ikipanda kwa miligramu 10 kwa lita, KH karibu 1 imeliwa. Nitrati 100 kwenye tanki hili inanionyesha KH kama 9 zilizokwenda na hazikurudishwa. Bikaboneti ni kama unga kwenye gunia: kila siku unachota, chakula kipo mezani, hakuna anayeona tofauti mpaka siku mkono unapogusa chini ya gunia. Siku hiyo pH inaanguka.

Watu wengi wanaangalia pH peke yake. Kwangu mimi pH ni matokeo, na kazi ya mradi huu ni KH.


Siku chache baadaye

Mdogo wangu ana haraka. "Yaya, si tumwage hii yote, tuweke ya lac? Ile iko na nguvu." Jirani naye amesema vivyo hivyo, na fundi aliyekuja kurekebisha meza. Wote wana haki kwamba maji ya Ziwa Kivu yana nguvu. Tatizo ni hizo miligramu 3 za amonia.

Amonia ndani ya maji ina sura mbili. Moja ni amoniamu, ambayo samaki anaivumilia. Nyingine ni amonia huru, ambayo ni sumu inayochoma matamvua. Zinabadilishana kufuata pH na joto. Maji yetu hayana hita, yanakaa karibu nyuzi 20. Katika joto hilo, kwenye pH 6 sehemu iliyo huru ni asilimia 0.04 tu. Kwenye pH 7 ni asilimia 0.4. Kwenye pH 8 ni karibu asilimia 4. Kwenye pH 9 ni asilimia 28. Sasa zidisha kwa 3: leo gapi wanaogelea kwenye amonia huru ya miligramu 0.001 kwa lita, kiasi kisicho na maana. Nikiwapelekea maji ya pH 8 jioni moja, wataamka kwenye 0.11, na hata 0.05 inatosha kuanza kuumiza matamvua. Kwenye pH 9 ingekuwa zaidi ya 0.8, na hapo hakuna wa kuamka.

Ndiyo maana tanki kongwe lililochacha linaua samaki siku mtu anapolionea huruma. Asidi iliyowachosha samaki ndiyo hiyo hiyo inayowakinga na sumu. Halafu chini ya pH 6.5 bakteria wa chujio wanalegea, na karibu na 6 wanakaribia kusimama, kwa hiyo amonia inazidi kujaa bila mtu wa kuila. Nitriti sifuri niliyoiona haina uzuri wowote: ni dalili kwamba hakuna kazi inayofanyika.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza kuondoa amonia bila kugusa pH. Pili kuinua KH polepole. Tatu kuwangoja bakteria waamke. Hakuna kuruka hatua.


Agosti, kupima maji ya mji

Goma imekaa juu ya lava, na maji ya mvua yanapotea kwenye nyufa za mawe, kwa hiyo hatuna mto wa kuchota. Tuna ziwa na tuna mawingu. Nimekusanya sampuli za vyanzo vyote vinavyofikiwa kutoka nyumbani.

Maji ya ziwa, bidoni ya njano ya lita 20, iliyoletwa kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, kutoka ufukwe wa Kituku. pH karibu 9. KH ilinipa kazi, kwa sababu chupa ya matone ni ghali na imevuka mpaka kutoka Gisenyi. Nilichanganya kipimo kimoja cha maji ya ziwa na vipimo vitatu vya maji safi ya betri, yale yaliyochujwa madini, nikahesabu matone, nikazidisha mara nne. Imekuja 36. Ukinunua maji hayo soma chupa mara mbili, maana duka hilo hilo linauza asidi ya betri kwenye chupa inayofanana.

KH 36 ni utajiri mkubwa. Lita moja ya maji ya Kivu ina bikaboneti sawa na iliyomo katika gramu moja ya bikaboneti ya mandazi. Ukiongeza lita 3 za ziwa kwenye maji laini kufikia lita 100, umepata KH 1 hivi. Mzigo huo unatoka kwenye volkano zetu: maji ya moto yenye chumvi na gesi yanaingia kutoka chini, na miamba ya lava inatoa magnesiamu, sodiamu na potasiamu. Kalsiamu ni kidogo. Hilo la kalsiamu nitalirudia, konokono wanalihitaji.

Maji ya bomba ni maji ya ziwa hilo hilo yaliyotiwa klorini, kwa hiyo KH yake ni ile ile. Na hata bidoni ya ufukweni mara nyingi ina klorini: vijana wa pale wanapiga sindano ya dawa ndani ya kila bidoni kabla haijapanda chukudu. Nawashukuru kwa moyo wote, mji huu uliona kipindupindu cha 1994 na unakiona tena mara kwa mara. Kwa samaki na bakteria wa chujio, dawa hiyo ni sumu. Nilimweleza mama anayetuuzia maji kwamba bidoni moja ni ya samaki. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa mama, hiyo moja nitachota pembeni, lakini musinywe." Hata hivyo kila bidoni naimimina kwenye beseni pana, naiacha juani na jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu, likichemsha, mpaka karatasi ya kupimia klorini ibaki nyeupe.

Mvua kutoka tanki letu la plastiki: KH haipo. Mita ya pH ya mfukoni inayumba na haitulii, jambo la kawaida kwenye maji yasiyo na chumvi ndani yake, kwa hiyo sikuandika namba. Matone yanasema 6.

Mvua kutoka siterne, yaani tangi la maji, ya saruji ya jirani: KH 3, pH juu ya 8. Mvua ile ile, mawingu yale yale. Saruji inatoa chokaa yake kwa maji kidogo kidogo. Hili limenifurahisha sana. Maana yake nina ngazi tatu badala ya mbili: plastiki isiyo na kitu, saruji yenye kidogo pamoja na kalsiamu, na ziwa lenye nyingi.


Agosti, mwisho

Hatua ya kwanza imeanza. Natoa lita 15 kwa kufyonza uchafu wa chini, narudisha lita 15 za mvua ya plastiki zenye pH 6 na joto lile lile. Samaki hawahisi mabadiliko, lakini amonia inapungua. Narudia kila baada ya siku mbili tatu. Chakula nimekipunguza sana, chembe wanazomaliza mara moja, kwa kuwa kila chembe inayobaki ni amonia ya kesho.

Sikuosha chujio. Bakteria waliolala wako humo, na nitawahitaji.

Amonia leo: 1.5.


Septemba, mvua zimerudi

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi haiingii kwenye tanki langu. Juu ya mabati kuna vumbi la miezi mitatu, kinyesi cha ndege, na majivu ya jikoni za mtaa mzima. Lakini kuna sababu mbili kubwa zaidi, na zote mbili zinahusu asidi.

Mvua yoyote duniani ni asidi kidogo, karibu 5.6, kwa sababu inabeba hewa ya ukaa, CO2, kutoka angani. Yetu ina jirani wa ziada. Moshi wa Nyiragongo una gesi ya salfa, klorini na florini, na mvua inayopita ndani yake inashuka na asidi hizo. Upepo mara nyingi unausukuma moshi upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, na tangu lava ilipotoka Mei 2021 mlima haufuki kama zamani. Lakini kuna siku harufu inafika mjini, na siku hizo maji ya bati nayaachia yaende.

Sababu ya pili ni bati lenyewe. Bati la kawaida limepakwa zinki, na mvua ya asidi inaikwangua zinki hiyo. Zinki kidogo sana inatosha kuwadhuru samaki, na maji laini yenye asidi yanaizidisha makali, wakati maji yenye madini mengi yanaipunguza. Kwa hiyo mvua ya bati kwenye tanki lililochacha ni hatari mara mbili.

Nimefunga bomba la kutupa maji ya mwanzo: mpira wa pembeni unajaa kwanza, na ukishajaa ndipo maji yanayofuata yanaelekea kwenye tanki. Nimepima yaliyonaswa kwenye mpira. Manjano kabisa, na tope jekundu chini.


Septemba, katikati

Amonia 0.5. Nitrati imeshuka hadi 40 hivi. pH bado 6. Sasa amonia huru, hata nikifika pH 7.5, itakuwa ndogo kuliko 0.01. Naanza kupanda.

Ngazi ya kwanza ni siterne ya jirani. Lita 20 za maji ya saruji yenye KH 3 ndani ya lita 120 ni KH nusu tu, na ndicho ninachotaka kwa kuanzia. Hayamiminwi. Farmasi wanauza mpira wa serumu, ule wa dripu ya mgonjwa, kwa bei ya kawaida, wenye kigurudumu cha kubana: ndoo juu ya kabati, mpira ndani, tone baada ya tone, asubuhi mpaka jioni.

Kuhusu pH, kuna jambo linalofaa kukumbukwa kila mtu anaposema "imepanda kidogo tu." Kipimo hiki kilibuniwa na Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen mwaka 1909, na kila namba moja ni mara kumi. Kati ya maji ya tanki hili na maji ya ziwa, 6 na 9, kuna tofauti ya mara elfu. Mwili wa samaki unafanya kazi kubwa kurekebisha chumvi za damu yake kila hatua ya safari hiyo.

Jioni pH ilikuwa 6.4. Gapi wametulia. Dume mmoja amefungua mkia, mara ya kwanza tangu waje.


Mwisho wa Septemba

Sasa maji ya ziwa. Kila wiki lita 3 na nusu za Kivu, zilizokwisha kutolewa klorini, zinachanganywa ndani ya ndoo ya mvua, kisha serumu. Hiyo ni KH 1 kwa tanki zima. pH imepita 6.5, kisha 6.8.

Na bakteria wameamka. Najua kwa sababu amonia imefika 0.25, halafu nitriti, ambayo haikuwahi kuonekana, imetokea: 0.5. Hili nililitegemea. Wanaogeuza amonia kuwa nitriti huamka mapema kuliko wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, na kati yao kuna kipindi cha nitriti kujaa. Nitriti inaingia kwenye damu ya samaki na kuizuia kubeba oksijeni, na sisi tuko mita 1,500 juu ya bahari, ambako maji yanashika oksijeni pungufu kuliko pwani. Nimefanya mambo mawili. Nimeyeyusha gramu 12 za chumvi ya jikoni katika maji ya tanki, kwa sababu kloridi inashindana na nitriti kwenye mlango wa matamvua na kuizuia isiingie. Na nimesimamisha kupanda: KH inabaki 2 na nusu mpaka nitriti irudi sifuri.

Mdogo wangu aliuliza kama tumeharibu. Nikamwonyesha namba za wiki zote kwenye daftari. Nitriti ndiyo habari njema tuliyokuwa tukiingoja, alimradi haizidi.


Oktoba, usiku na mchana

Nitriti imekwisha. KH 4. Nimeanza kupima asubuhi kabla ya taa na jioni kabla ya kulala, na namba hazifanani: asubuhi 7.2, jioni 7.6. KH haijabadilika hata tone moja.

Hiyo ni CO2. Usiku samaki, majani na bakteria wote wanaitoa, inayeyuka na kuwa asidi ya kaboni, pH inashuka. Mchana majani yanaila, pH inapanda. Mwenye kupima asubuhi tu angedhani maji yanachacha tena na angekimbilia bikaboneti. Kuna njia rahisi ya kujua: chukua glasi ya maji ya tanki, itie jiwe la hewa usiku kucha, pima tena. Glasi yangu ilipanda kupita hata namba ya jioni. Asidi iliyoondoka kwa hewa tu ilikuwa CO2. Ile inayobaki baada ya hapo ndiyo ya kutafutiwa bikaboneti.

Ziwa lenyewe linaonyesha jambo hili kwa ukubwa unaotisha. Juu, ambako upepo na mwani vinafanya kazi, maji ni pH 9. Chini kabisa, kwenye mita 485, ambako CO2 imefungiwa kwa uzito wa maji, pH inakaribia 6. Ziwa moja, na kinachotofautisha juu na chini kwa sehemu kubwa ni gesi hiyo. Kilomita za ujazo 300 za CO2 ziko humo, pamoja na 60 za methani.

Na hapa Goma CO2 haiko ziwani tu. Upande wetu wa magharibi wa mji, Himbi, Kyeshero hadi Bulengo, kila mtu anajua mashimo ya mazuku, ambamo gesi hiyo nzito inalala chini na kuua mbuzi, wakati mwingine watu. Kiwanja chetu hakina shimo, lakini nimefikiria pampu ya hewa. Inavuta hewa ya pale ilipo. Pampu inayokaa sakafuni kwenye chumba kilichofungwa, kwenye mtaa kama huu, inaweza kusukuma ndani ya maji gesi ile ile ninayotaka itoke. Nimeipandisha kwenye rafu juu ya kiwango cha maji. Faida ya pili ni kwamba umeme ukikatika maji hayarudi kupitia mpira na kumwagika kwenye pampu. Dirisha la chumba hicho halifungwi tena usiku, kwa ajili ya samaki na kwa ajili yetu.


Oktoba, mwishoni

Nimejaribu bikaboneti ya mandazi kwenye ndoo ya pembeni, bila samaki, ili nijue njia ya dharura siku ziwa halifikiki. Gramu 3 kwa lita 100 zinapandisha KH kwa 1. Imefanya kazi sawasawa. Faida yake ni usafi: hakuna klorini wala vijidudu vya ziwani. Kasoro yake ni kwamba inaleta sodiamu peke yake. Maji ya ziwa yanaleta magnesiamu na potasiamu pia, na majani, yaliyokuwa ya njano wakati wa kiangazi, yameanza kutoa ncha za kijani. Nabaki na ziwa, na kopo la bikaboneti linakaa kabatini.

Chokaa ya kupakia kuta, hapana. Kuna mtu alinishauri. Ile ni kali sana, inaweza kufikisha maji pH 12, na kijiko kimoja kinatosha kumaliza tanki zima.

Maganda ya mayai yaliyopondwa, ndani ya mfuko wa kitambaa kwenye chujio: nimeyaweka kwa ajili ya kalsiamu ya konokono. Sitegemei mengi. Maganda yanayeyuka vizuri kwenye maji yenye asidi, na kadiri pH inavyokaribia 8 yanakataa. Kalsiamu ya kweli inatoka kwenye siterne ya saruji, na ndiyo sababu jirani ameahidiwa gapi wa kwanza watakaozaliwa.


Novemba

KH 6. pH asubuhi 7.7, jioni 8.1. Amonia na nitriti hazionekani. Nitrati 20.

Nimesimama hapa. Ningeweza kuendelea mpaka maji yawe ya ziwa tupu, na kama ningefuga Haplochromis, samaki wa asili wa Kivu, ingekuwa lazima, maana hao wamezoea pH 9 na KH hiyo kubwa. Kwa gapi inatosha. Na kadiri pH inavyokuwa juu, amonia kidogo ya ajali, samaki aliyekufa nyuma ya jiwe au umeme uliokatika usiku kucha, inakuwa kali zaidi. Katikati kuna usalama wa pande zote mbili.

Ndoo ya kila wiki sasa ina lita 20: 3 za ziwa, 8 za siterne ya saruji, 9 za mvua ya plastiki. Ukizidisha na kugawa unapata KH 6 na nusu kwenye ndoo. Hiyo nusu haitoshi kufidia yote ambayo bakteria wanakula kati ya ndoo na ndoo. Nitrati ikipanda 5 kwa wiki, KH nusu imekwenda kwenye tanki zima, na ndoo hii haiwezi kuirudisha peke yake. Kwa hiyo kila wiki naangalia KH ya tanki, na ikishuka chini ya 6 naongeza lita moja au mbili za ziwa mahali pa lita za mvua. Kila lita moja ya ziwa inayochukua nafasi ya mvua kwenye ndoo ni KH 0.3 kwa tanki.

Konokono: gamba jipya linaloota mdomoni ni laini na lina rangi kamili. Vishimo vya zamani havizibiki, vitabaki, lakini mstari kati ya gamba la zamani na jipya unaonekana wazi, na konokono wadogo waliozaliwa kwenye maji haya hawana kidoa hata kimoja.


Desemba

Watoto wa gapi wamezaliwa, wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu kati ya majani. Jirani amepata wake kwenye ndoo ya maji ya siterne yake mwenyewe, yaliyoongezwa kidogo ya ziwa, kwa serumu, na sikukubali waondoke mpaka KH za ndoo na tanki zilingane.

Nakwenda Bukavu kwa boti kwa sikukuu, mdogo wangu anabaki na tanki. Nimemwandikia karatasi na kuibandika ukutani juu ya pampu. Pima KH kila Jumamosi. Ikiwa kati ya 5 na 7, tengeneza ndoo ya kawaida. Ikiwa kati ya 4 na 5, weka lita 5 za ziwa badala ya 3, na punguza mvua. Ikiwa chini ya 4, usiongeze kitu siku hiyo kabla ya kupima amonia, na amonia ikizidi 0.5 badilisha kwanza kwa mvua ya plastiki, kisha nipigie. Bidoni ya ziwa iliyo tayari ni ile yenye kamba nyekundu, nyingine bado ina dawa. Usiwape chakula zaidi ya kijiko kidogo, kile cha kuchotea chumvi, hata wakikuomba kwenye kioo. Mvua ya Juni mpaka Agosti haitakuwepo, kwa hiyo tanki la plastiki lisitumike kufulia kuanzia Mei, na hili mwambie mama mapema.